Kichuma Kiunoni mwa Mpogoaji

Ukitoka Meru mjini kuelekea Nkubu, barabara huvuka mstari wa ikweta, kisha hujipenyeza kati ya mashamba madogo ya kahawa, migomba na mahindi, na chai huanza kuonekana kadiri unavyopanda upande wa Mlima Kenya. Mipakani mwa mashamba hayo imesimama migrivilea, ambayo wenyeji huiita mukima. Ni mirefu na myembamba, matawi yamefyekwa tangu chini na kuachwa kishungi kimoja cha majani kileleni. Mgeni hudhani ndivyo mti huo unavyoota. Mwenyeji anajua kwamba kila kishungi ni kazi ya mtu aliyepanda mita 15, wakati mwingine 20, panga mkononi na, kama ni mwenye bahati au busara, kamba kiunoni.

Kamba hiyo ina ncha mbili, na kwenye ncha hizo ndiko kuna jambo la kuzungumzia. Kati ya kamba na mkanda wa mpandaji pana kichuma kinachotosha kiganjani. Wenye mafunzo hutumia karabina, yaani kitanzi kigumu chenye mlango wa springi. Wengine hutumia pete ya chuma inayofungwa kwa nati, na wengine ndoano yoyote iliyopatikana dukani. Watu hukagua kamba, huivuta, huikanyaga, huuliza umri wake. Hicho kichuma hakiulizwi kitu, maana chuma ni chuma. Dhana hiyo ndiyo yenye hatari, kwa kuwa chuma hicho kina upande wenye nguvu na upande dhaifu, na mara nyingi mpandaji huning'inia kwenye ule dhaifu bila kujua.

Mgrivilea si mti wa hapa. Asili yake ni mashariki mwa Australia, na uliletwa Afrika Mashariki kuelekea mwisho wa karne ya 19 uwe kivuli cha chai na kahawa. Kwenye miteremko ya Meru na Embu ulipata makao mapya. Wakulima waliupanda mipakani kwa sababu hukua haraka, hutoa mbao na kuni, na hustahimili kufyekwa: ukatwe matawi yote leo, baada ya miezi michache umechipua tena. Ukiachwa bila kupogolewa, kivuli chake hula mahindi ya jirani na ugomvi wa mpaka huanzia hapo. Kwa hiyo kazi ya kupanda haiishi. Inarudi kila msimu, shamba baada ya shamba.

Miaka ya karibuni kazi hiyo iliongezeka uzito. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi Julai 2023. Kwa miaka hiyo mitano, miti ya mashambani ilibebeshwa sehemu kubwa ya mahitaji ya mbao na kuni, zikiwemo kuni za viwanda vya chai. Tangu mwishoni mwa 2022 kumekuwa na kampeni ya kitaifa ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Ni lengo zuri. Ila kila mti utakaosimama karibu na nyumba au shamba utamhitaji mtu wa kuukwea siku moja, na sijasikia mtu jukwaani akitaja mkanda wa huyo mtu.

Kamba ya kiuno hufanya kazi rahisi. Ncha moja hukaa upande mmoja wa mkanda, kamba huzungushwa kwenye shina, ncha ya pili hufungwa upande wa pili. Mpandaji huegemea nyuma, kamba ikakaza, mikono ikabaki huru. Akifika kwenye tawi linalomzuia, hufungua ncha moja, huipitisha juu ya tawi na kuifunga tena. Kwenye mgrivilea ambao haujapogolewa kwa miaka mitatu, kitendo hicho hurudiwa mara nyingi kabla ya kufika juu. Hizo ni nafasi nyingi za kichuma kufungwa nusu.

Ndiyo maana ncha mbili za kamba hazistahili kupewa chuma cha aina moja. Ncha isiyofunguliwa juu ya mti inafaa pete ya nati: kipande cha chuma cha mviringo au pembetatu chenye mwanya mmoja, na nati ndefu inayosokotwa kuuziba. Kampuni ya Péguet ya Ufaransa huzitengeneza kwa jina la Maillon Rapide, na jina hilo limezoeleka hata kwa pete ambazo haikuzitengeneza. Sifa yake ni kwamba ikikazwa inakuwa kama mnyororo usio na mlango, na zile za umbo la pembetatu au nusu duara huvumilia kuvutwa pande zaidi ya mbili. Lakini hukazwa kwa spana, na mtu akiwa ardhini. Nati iliyosokotwa kwa vidole hulegea taratibu kwa mtikisiko na msuguano wa kamba. Kanuni ya ukaguzi ni moja tu: ukiyaona meno ya skrubu, pete haijafungwa. Haijalishi ni meno mawili au sita. Pete ya nati iliyo wazi inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake na kuanza kujikunjua kama kulabu.

Ncha inayofunguliwa na kufungwa huko juu inadai karabina, tena karabina ya kujifunga na kujikomea yenyewe. Kiwango cha Marekani cha kazi za miti, Z133, kinataka karabina ya mpandaji ijifunge, ijikomee, na isifunguke mpaka mkono ufanye vitendo viwili vya makusudi kwanza: kwa mfano kusukuma komeo juu, kisha kulizungusha, ndipo mlango usukumwe ndani. Wapandaji wengi huona hilo ni usumbufu. Tawi lililolala juu ya karabina isiyo na komeo husukuma mlango bila kuomba ruhusa, na kamba ikateleza nje. Vitendo hivyo vitatu ndivyo tawi haliwezi kuvifanya.

Sasa turudi kwenye ule upande dhaifu. Karabina ya kweli imepigwa muhuri ubavuni: jina la mtengenezaji, namba ya kiwango kama vile EN 362 cha Ulaya, na tarakimu za nguvu kwa kilonyutoni, kwa kifupi kN. Kilonyutoni 1 ni karibu uzito wa kilo 100. Kiwango hicho kinadai angalau kN 20 karabina ikivutwa kwa urefu wake mlango ukiwa umefungwa, na kN 25 kwa pete za nati. Kilonyutoni 20 ni kama tani mbili, ambao ni uzito wa matatu ya abiria 14, na hapo mtu wa kilo 80 huona amejiwekea akiba ya kutosha wajukuu. Lakini muhuri una tarakimu nyingine, ndogo. Moja ni ya karabina inayovutwa kwa upana, nguvu ikiangukia mlango, na nyingine ni ya karabina ambayo mlango wake umeachwa wazi. Kwa karabina nyingi za alumini, tarakimu hizo ni kati ya 7 na 10. Yaani theluthi, au nusu ukibahatika.

Na karabina haikai inavyochorwa kwenye kijitabu. Mpandaji anapogeuka, huzunguka kwenye pete ya mkanda na kulala kiubavu. Anapoukumbatia mti kupita tawi, hubanwa kati ya kiuno na shina. Kamba ikikaa kwenye kona isiyo yake, nguvu inaanza kupinda badala ya kuvuta. Hakuna kinacholia wala kuonya. Mtu anayeegemea kwa utulivu huweka uzito wake tu, chini ya kN 1, na hata upande dhaifu humbeba bila shida. Ndiyo sababu kosa hili huweza kurudiwa miaka bila kuleta maafa.

Mambo hubadilika mguu unapoteleza huku kamba imelegea. Chukua kalamu upige hesabu: mtu wa kilo 80 akianguka mita 1, kamba isiyonyumbuka ikamsimamisha ndani ya sentimita 10, nguvu ya wastani inayopita kwenye kichuma ni karibu kN 8.6. Linganisha na ile 7 ya mlango. Karabina ambayo ingebeba tani mbili imevunjwa na mtu mmoja aliyeteleza mita moja. Hata isipovunjika, mgongo wa huyo mtu haujatengenezwa kwa kishindo hicho, hasa akiwa na mkanda wa kiuno peke yake usio na mikanda ya mapajani. Kamba ya kuegemea ni ya kuegemea. Haikutengenezwa kudaka mtu. Ikae juu ya usawa wa kiuno, na ikaze wakati wote.

Kuna hatari nyingine ambayo wenzetu wa Ulaya wenye misumeno midogo hawaijui sana: panga. Pigo moja lililopotoka hukata kamba ya nailoni iliyokaza bila kubakisha uzi. Mpandaji anayekata anapaswa kushikiliwa na kamba mbili, kila moja na shina au tawi lake imara, ili moja ikikatwa nyingine ibaki. Baadhi hutumia kamba yenye waya wa chuma katikati. Inasaidia dhidi ya panga na msumeno wa mkono, lakini msumeno wa mota huweza kuikata, na karibu na nyaya za umeme waya huo ni kaburi. Waya wa chuma pia hula alumini, kwa hiyo kamba ya namna hiyo ipewe karabina ya chuma cha pua au chuma cha kawaida kilichopakwa zinki.

Chuma hicho kinapatikana wapi? Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya miji midogo kama Nkubu, mtu hutegemea kukuta minyororo, pingu za kuvutia magari, na pete za nati zinazouzwa kwa kufungia minyororo hiyo. Ni bidhaa halali kwa kazi yake. Pete isiyo na jina la mtengenezaji wala tarakimu ya nguvu haina mtu wa kuulizwa ikikatika. Hata yenye tarakimu huhitaji kusomwa kwa makini, kwa kuwa bidhaa za kunyanyulia mizigo huandikwa mzigo wa kazi, na viungio vya wapandaji, yaani karabina na pete zao, huandikwa nguvu ya kuvunjika, na hizo mbili hazilinganishwi. Zile karabina ndogo za rangirangi zinazoning'inizwa kwenye funguo hazistahili hata mjadala. Nyingi zimeandikwa kwa herufi za sisimizi kuwa si za kupandia, kana kwamba muuzaji alitaka siri hiyo ibaki kati yake na kiwanda. Karabina halisi huuzwa na maduka ya vifaa vya usalama kazini jijini Nairobi. Bei yake humfanya mpogoaji wa kulipwa kwa mti asite, na simlaumu. Lakini kati ya kununua karabina moja nzuri ya chuma na kununua nne za bei rahisi, sioni mjadala. Chuma cha kawaida ni kizito kuliko alumini, ila huvumilia mchanga, waya na kubamizwa, na kazi ya mashambani ina vyote vitatu.

Utunzaji ndio unaopuuzwa zaidi, pengine kwa sababu hauonekani kama kazi. Pande hizi za mlima hupata mvua ndefu za Machi hadi Mei na fupi za Oktoba hadi Desemba, na katikati kuna ule ukungu wa Julai unaoacha kila kitu na unyevu. Zinki ya juu huanza kuota unga mweupe, kisha kutu nyekundu. Mgrivilea hutoa gundi, mkipresi na msindano hutoa utomvu, na vumbi la msumeno hunata humo. Baada ya miezi kadhaa mlango wa karabina unaanza kuwa mvivu: unausukuma, unarudi polepole, unasimama milimita mbili kabla ya kufunga. Komeo haliwezi kuzunguka. Mpandaji, ambaye ameshazoea kusikia mlio, haangalii.

Dawa yake ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya kawaida na mswaki wa zamani. Bawaba isuguliwe, mlango ufunguliwe na kufungwa ndani ya maji mpaka uchafu utoke, kisha karabina isuuzwe na kukaushwa kivulini. Ikikauka, tone moja la mafuta mepesi ya silikoni au unga wa grafiti kwenye bawaba na ndani ya komeo, na kinachozidi kifutwe. Watu hupenda oili chafu ya gari kwa kuwa ni ya bure. Oili hiyo hukusanya vumbi na kugeuka uji, na ikigusa kamba huibeba hadi ndani ya nyuzi. Petroli na dizeli zikae mbali na kamba vivyo hivyo. Adui asiyetajwa ni betri ya gari: kifurushi cha vifaa kilichotupwa nyuma ya pikapu kando ya betri kinaweza kupata asidi, na asidi huua nailoni bila kubadilisha sura yake sana.

Ukaguzi kabla ya kupanda hauzidi dakika moja kwa kila kiungio. Fungua mlango, uachilie bila kuusaidia. Ujifunge na kujikomea wenyewe, mara tano kati ya tano. Tazama kama pua ya mlango inakutana sawasawa na mwili. Pitisha ukucha mahali kamba inaposugua. Mfereji ukifikia milimita 1, karabina hiyo imemaliza kazi. Angalia riveti ya bawaba, nyufa, kutu iliyochimba mashimo na kupinda kokote. Pete ya nati isokotwe mpaka mwisho kwa mkono bila kukwama. Ikikwama, meno yameharibika. Zaidi ya hapo, kiwango cha Ulaya cha EN 365 kinataka mtu mwenye ujuzi avikague vifaa hivi na kuandika matokeo angalau kila miezi 12, na kanuni za Uingereza za mwaka 1998 kuhusu vifaa vya kunyanyulia huvitaka vinavyobeba watu vikaguliwe kila miezi 6. Daftari la shule na kalamu vinatosha: tarehe, kiungio kipi, kimeonekanaje.

Kuna ufundi ambao lazima ukatazwe waziwazi. Mafundi wetu wa jua kali wana mikono ya ajabu, na anayepeleka karabina iliyopinda atarudishiwa imenyooka. Chuma cha karabina kilipata nguvu zake kwa joto lililopimwa kiwandani. Moto wa kuchomelea huifuta nguvu hiyo na kuacha umbo tupu. Alumini ndiyo mbaya zaidi. Kiungio hakichomelewi, hakinyooshwi, hakitobolewi, wala hakigongwi herufi za jina la mwenyewe kwa patasi. Anayetaka kutofautisha vyake na vya mwenzake apake rangi kidogo ya kucha.

Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Kwa familia ya mpogoaji, kungoja huko kuna maana nyingine. Kisiwani Pemba, ambako kuanguka mikarafuuni ni msiba wa kila msimu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, limekuwa likiwapa wachumaji walioanguka fedha za kufuta machozi. Mpogoaji wa Nkubu hana shirika la namna hiyo nyuma yake. Anaitwa asubuhi na mwenye shamba, wanapatana bei kwa mti, anapanda. Akianguka, atakimbizwa Hospitali ya Consolata hapo hapo Nkubu, na akiumia uti wa mgongo huenda safari ikaishia katika hospitali ya taifa ya majeraha ya mgongo jijini Nairobi, huku nyumbani kikikusanywa cha harambee.

Kenya ina sheria. Ile ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi wa kazi ya hatari vifaa vya kujikinga bila kumtoza, na ile ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huohuo inamwajibisha anapoumia. Tatizo ni kwamba mwenye shamba la robo ekari hajihesabu kuwa mwajiri, na mpogoaji wa siku moja hana mkataba wa kuonyesha. Sheria zimeandikwa zikimtazama mtu wa kiwandani, na aliye juu ya mti mpakani mwa shamba ameachwa kwenye mwanya. Serikali ya Kaunti ya Meru na vyama vya ushirika vya kahawa na chai vina uwezo wa kuuziba kwa bei nafuu: seti chache za mikanda, kamba na viungio vyenye muhuri, vikiazimwa kwa siku na kukaguliwa kabla ya kutoka na baada ya kurudi.

Mpaka hilo litokee, kazi imebaki kwa wawili wanaopatana bei. Mwenye shamba, kabla hujalalamikia bei ya mti, omba kuona kile kichuma, soma muhuri wake, sukuma mlango uone kama unarudi. Kama haurudi, mti usubiri, haukimbii. Nawe mpandaji, kiungio kilichokwisha kazi usikiache kwenye sanduku la vifaa wala usikiuze kwa kilo kikiwa kizima. Kikate vipande viwili kwa msumeno wa chuma, kwa kuwa kikibaki kizima kuna kijana atakayekiokota na kupanda nacho.